Umeachiwa funguo: mwongozo kamili wa kutunza nyumba ambayo wenyewe wako mbali

Ndugu anapokuachia nyumba na kwenda kuishi Muscat, London au Minnesota kwa miaka miwili mitatu, jambo la kwanza linalokujia akilini ni wezi. Unawaza kufuli, mlinzi, taa za nje. Hayo yana nafasi yake na nitayafikia. Lakini nyumba nyingi nilizoziona zikiharibika hapa Dar es Salaam hazikuharibiwa na mwizi. Zililiwa na mchwa, zilivuja kutokea juu, makabati yakaota ukungu, mabomba yakaganda, na yote hayo yalitokea milango ikiwa imefungwa vizuri kabisa. Nyumba imejengwa ili itumike: maji yapite bombani, hewa ipite madirishani, mlango ufunguliwe na kufungwa, mtu apite chooni na kunusa kama kuna jambo. Ikikosa mtu wa kuyafanya hayo, inaanza kuoza polepole.

Kwa hiyo kazi uliyopewa si ya ulinzi peke yake. Umepewa kazi ya kuitumia nyumba kidogo kidogo kwa niaba ya wenyewe. Ninayoyaeleza hapa ni kwa hali ya Dar na pwani kwa ujumla, yaani joto, unyevu na chumvi ya bahari. Aliye Tanga, Unguja au Mombasa atayakuta mengi yanamhusu pia.

Siku ya makabidhiano

Usikubali kupokea funguo uwanja wa ndege. Mtu anayesafiri usiku huo ana mambo mia kichwani na atakwambia "nyumba unaijua, hakuna tatizo". Mwombe nusu siku nzima ndani ya nyumba, angalau wiki moja kabla ya safari, na mfanye haya:

1. Zungukeni nyumba yote huku simu ikirekodi video na mwenye nyumba akieleza kwa mdomo wake. Akuonyeshe koki kuu ya maji, meni swichi, swichi ya pampu, chemba zote, shimo la maji taka, na mahali bomba linapopita chini ya ardhi. Siku bomba likipasuka saa nne usiku, video hiyo itakufaa kuliko kumpigia mtu aliyelala.

2. Andikeni namba: ya mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla (tarakimu 11), ya akaunti ya maji, na ya kiwanja. Pigeni picha ya mita ya maji na ya umeme zikionyesha usomaji wa siku hiyo. Hapo ndipo hesabu yako inapoanzia.

3. Orodhesheni vitu chumba kwa chumba. Si lazima kuhesabu vijiko. Vinavyotakiwa ni vyombo vya umeme, fenicha, mazulia, mapazia ya thamani, vifaa vya bustani. Kilichokwisha kuharibika kiandikwe kwamba kimeharibika, na kipigwe picha.

4. Vito, fedha taslimu na hati miliki visibaki ndani. Hati ya nyumba iwekwe benki au kwa wakili. Wala usikubali kuishika wewe, hata kama mnaaminiana mno, kwa sababu ikija kupotea hakuna maelezo yatakayotosha.

5. Andikeni barua ya makabidhiano. Ukurasa mmoja unatosha: nani kaachiwa, tangu lini, kwa kazi gani, kama anaruhusiwa kulala humo au la, analipwa kiasi gani au anasaidia bure, na nani mwingine ana funguo. Wekeni sahihi wote wawili, kisha mwende pamoja ofisi ya serikali ya mtaa mwenyekiti akufahamu.

Hatua ya tano ndiyo watu wengi huiruka, hasa ndugu kwa ndugu, kwa kuona haya. Mjomba hawezi kumwandikisha mpwa wake! Lakini barua hiyo inawalinda wote wawili. Kwa sheria ya ukomo ya Tanzania, dai la kurudishiwa ardhi linakufa baada ya miaka 12. Anayekaa kwa ruhusa ya mwenye mali hahesabiwi kuwa ameimiliki, ila ruhusa hiyo inabidi iweze kuthibitishwa, na familia nyingi zimefikishana mahakamani kwa kukosa karatasi moja. Kwa upande wako, barua inakutoa kwenye lawama siku ndugu wengine watakapoanza kuuliza kwa nini wewe ndiye unayefungua geti.

Kama kuna uwezekano wa kushughulikia mambo makubwa, mfano kesi ya mpaka au kusaini mkataba na mpangaji, barua ya mtaani haitoshi. Hapo mwenye nyumba anatakiwa akupe hati ya uwakili iliyosainiwa mbele ya wakili au ubalozini, na itaje mambo uliyoruhusiwa kwa majina yake. Hati inayosema "afanye lolote" isiombwe wala isitolewe.

Fedha ziwe mbali na fedha zako

Pata laini ya simu ya nyumba peke yake. Kila shilingi ya nyumba iingie na kutoka kwenye laini hiyo, ili taarifa ya miamala iwe daftari lako la pili. Daftari la kwanza liwe la karatasi: tarehe, kazi, kiasi, jina la fundi, salio. Risiti ipigwe picha siku hiyohiyo, maana karatasi za risiti hufifia.

Kubalianeni mambo mawili mapema. Kwanza, kiasi ambacho unaweza kutumia bila kuuliza, kwa ajili ya balbu, kufuli au fundi bomba wa haraka. Pili, akiba ya dharura ambayo haiguswi mpaka paa limevuja au ukuta umeanguka. Mtunzaji asiye na akiba analazimika kutoa mfukoni mwake, kisha anaona aibu kudai, kisha anaacha kwenda. Nimeona uhusiano mzuri wa damu ukiharibika kwa njia hiyohiyo, hatua kwa hatua, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Upande wa LUKU una mambo yake. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia mita, ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye ikapanda. Nyumba isiyonunua umeme haisamehewi: kodi inajilimbikiza kama deni. Mtu anakuja baada ya miezi minane, ananunua umeme wa elfu kumi, anapata uniti kiduchu na kudhani ameibiwa. Dawa yake ni kununua umeme kidogo kila mwezi hata kama hautumiki. Jambo la pili ni la nyumba zilizofungwa kabla ya mwisho wa 2024. Mwaka huo mita zote za aina hii zilitakiwa kuboreshwa kabla ya Novemba 24, kwa kuingiza makundi ya tarakimu 20 yaliyotolewa pamoja na tokeni. Ukikuta mita inakataa tokeni mpya, usiibonyezebonyeze. Nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita.

Bili ya maji, ada ya taka na kodi ya ardhi ya kila mwaka zinaendelea vilevile. Mwenye nyumba anaweza kuzilipa mwenyewe kwa namba ya malipo akiwa hukohuko aliko. Wewe mtumie namba tu, na hilo litakupunguzia mzigo wa kushika fedha nyingi.

Kuifunga nyumba ya mtu anayekwenda mbali

Wengi huzima kila kitu, wakafunga kila kitu, wakafunika kila kitu na nailoni. Pwani hilo ni kosa. Nailoni juu ya kochi inafungia unyevu, na baada ya masika moja unafunua kochi lenye madoadoa ya kijani. Funika kwa shuka kuukuu la pamba linalopitisha hewa. Milango ya makabati iachwe wazi kidogo. Vitanda na makabati yasogezwe kutoka ukutani kiasi cha kiganja ili hewa ipite nyuma na wewe uweze kuchungulia mchwa. Magodoro yasimamishwe. Nguo zinazobaki zifuliwe kwanza, maana mende na nondo hufuata jasho na mafuta ya chakula, kisha ziwekwe na nafutalini.

Friji lizimwe, lioshwe, likaushwe, mlango uzuiwe kwa kitambaa kilichokunjwa usijifunge. Friji lililozimwa na kufungwa linatoa harufu isiyotoka tena. Mtungi wa gesi ufungwe na utolewe nje penye kivuli na hewa. Jikoni kusibaki unga, mchele wala maharage hata kwenye kopo.

Umeme usikatwe wote. Zima breka za vyumba na soketi, acha za taa za nje na za geti. Vyombo vyote vichomolewe kwenye soketi, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu unaua televisheni hata kama haiangaliwi na mtu.

Maji yafungwe kwenye koki kuu baada ya mita. Hapa sikubaliani na wanaoacha maji wazi ili simtanki lijae lenyewe. Floti ya tanki ikigoma kufunga, maji yatamwagika siku nzima, usiku mzima, mpaka siku utakapofika, na bili itakuja ya nyumba ya kulala wageni.

Mzunguko wa kila wiki

Kwa nini wiki, na si mwezi? Kwa sababu ya mbu. Yai la mbu kwenye maji yaliyotuama linafikia kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi hivi. Dar ilipata milipuko ya dengi 2014 na 2019, na mbu wa dengi anapenda hasahasa maji masafi yaliyosimama kwenye vitu vya nyumbani: sahani chini ya chungu cha maua, tairi, ndoo, gata lililoziba. Nyumba tupu yenye vitu hivyo ni hatari kwa mtaa mzima. Ukipita kila wiki na kuvimwaga, unaukata mzunguko kabla haujakamilika.

Nenda mchana, kati ya saa nne na saa tisa, jua likiwa kali, na ubadilishe siku ili asiwepo mtu wa kuijua ratiba yako. Fuata mpangilio uleule kila safari ili usisahau kitu.

Anza nje. Zunguka ukuta wa uzio kabla ya kufungua mlango. Tazama kama kuna tofali lililosogea, alama ya miguu ukutani, nondo ya dirisha iliyopinda. Ukikuta dalili ya mtu kuingia, usiingie ndani peke yako. Rudi nyuma, ita jirani au mjumbe, kisha piga 112.

Mwaga maji yaliyotuama. Ondoa majani na takataka mbele ya geti, kwa sababu geti lenye majani ya wiki tatu linatangaza kwamba hapa hakuna mtu. Kama kuna mnazi, angusha nazi zilizokauka kabla hazijajiangusha juu ya vigae au juu ya mtu.

Sasa fungua mlango, na kabla ya kufanya lolote simama unuse. Pua itakwambia mengi. Harufu ya udongo mbichi ni unyevu au mchwa. Harufu kali ya mkojo ni panya au popo juu ya dari. Harufu ya choo ni maji yaliyokauka bombani. Harufu ya kuungua, nenda moja kwa moja kwenye meni swichi ukazime kabla ya kufungua dirisha.

Fungua madirisha ya pande zinazotazamana ili upepo upite. Yaache wazi muda wote utakaokuwepo, saa mbili tatu. Wakati hewa inapita, fungua koki kuu ya maji na ufanye kazi ya mabomba. Chini ya kila sinki na kila tundu la kutolea maji sakafuni kuna kiwiko cha bomba kinachobaki na maji kidogo. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende wa chemba wasipande. Kwa joto letu yanakauka kwa wiki chache tu. Fungua kila bomba mpaka maji yatoke safi, vuta choo kila kimoja, mimina jagi moja kwenye kila tundu la sakafu, hasa lile la choo cha wageni ambalo kila mtu hulisahau. Ukijua utachelewa kurudi, malizia na kijiko cha mafuta ya kupikia kwenye tundu. Mafuta yataelea juu na kuchelewesha maji kukauka.

Kabla ya kufunga koki, kagua uvujaji. Funga mabomba yote ndani, hakikisha tanki limejaa na limeacha kuingiza, kisha nenda kwenye mita ya maji utazame kile kigurudumu kidogo katikati. Kikiwa kinazunguka ilhali hakuna bomba lililo wazi, kuna mahali maji yanatoka. Tazama vyoo kwanza, kabla ya kumruhusu fundi yeyote akuchimbie sakafu.

Washa taa chumba kwa chumba. Washa feni na viyoyozi dakika chache, si kwa ajili ya ubaridi, ila mota isigande na panya asijenge humo. Tembeza mkono nyuma ya makabati. Funga kwa mpangilio wa kinyume: madirisha, maji, breka, milango, geti. Vuta kila kitasa kuhakikisha. Kabla hujaondoka, badilisha kidogo mwonekano wa nje: sogeza pazia, hamisha kiti cha barazani, anika kitambaa kwenye kamba ya nguo.

Penseli na tarehe

Kuna kazi moja ndogo ambayo ningependa kila mtunzaji aizoee, kwa sababu inaokoa fedha nyingi na haigharimu kitu. Tembea na penseli.

Ukiona doa la njano kwenye dari ya jipsamu, usikimbilie kuita fundi wala usilipuuze. Panda kwenye ngazi, chora mstari kufuata ukingo wa doa, andika tarehe pembeni. Mvua kubwa ikinyesha, rudi ukatazame. Doa likibaki ndani ya mstari, ni la zamani na paa limeshatengenezwa au halivuji upande huo. Likivuka mstari, paa linavuja sasa hivi, na upana wa lile pete jipya unakuonyesha upande maji yanapotokea. Fundi akija unamwonyesha picha mbili, naye hawezi kukuambia bati zote zibadilishwe wakati tatizo ni mpira wa msumari mmoja.

Ufa wa ukutani hivyohivyo: weka alama kwenye ncha zake mbili na tarehe. Ufa usiosogea kwa mwaka ni wa plasta. Ule unaokimbia kutoka pembe ya dirisha na kupanuka kila masika ni wa msingi, na mwenye nyumba anatakiwa kujua mapema.

Mchwa nao wana kipimo chao. Ukikuta kijia cha udongo kinachopanda ukutani au kwenye fremu ya mlango, usikifute chote. Vunja sehemu ya katikati, urefu wa kidole, acha juu na chini. Ukirudi wiki inayofuata na kukuta wameziba pengo, kundi lipo hai na linakula. Piga dawa kuanzia ardhini, si kwenye mbao tu, kwa sababu makao yao yako chini. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi: ikilia tupu kama ngoma, ndani hakuna mbao tena, ni rangi tu imebaki.

Mara moja kwa mwezi

Jenereta liwashwe dakika kumi na tano hadi ishirini likiwa limebeba mzigo, si kulia tupu. Petroli iliyokaa miezi mingi inaharibika na kuziba kabureta, kwa hiyo weka kidogo na uibadilishe. Betri za inveta zisiachwe zimeisha chaji, na zile za maji zikaguliwe kiwango na kuongezwa maji yaliyochujwa ya betri, si ya bomba. Gari likiwepo, liwashwe au waya wa betri utolewe, na matairi yajazwe upepo na gari lisogezwe kidogo lisikandamize sehemu moja.

Kufuli za nje zipakwe mafuta, bawaba za geti pia. Nyumba zilizo karibu na bahari, kama Kigamboni au Mbezi Beach, kufuli la chuma cha kawaida linaweza kuganda kwa kutu likakulazimisha kulikata. Nunua la shaba.

Pima matawi. Tawi lolote linalogusa paa likatwe: ndilo daraja la panya, na majani yake ndiyo yanayoziba gata.

Kabla ya mvua

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kazi ya paa ifanywe Februari na Septemba, mafundi wakiwa bado hawajabanwa. Safisha gata zote na mimina ndoo ya maji juu uone yanapotokea. Kagua misumari ya bati na mipira yake. Safisha mtaro wa nje ya ukuta, hata kama si wako. Maji ya mtaa yakikosa njia yataingia kwenu. Fungua chemba uone kama zinapitisha. Mabondeni, shimo la maji taka linaweza kujaa kwa maji ya ardhini bila mtu kutumia choo, kwa hiyo litazame kabla na katikati ya masika.

Nyuki wakiingia darini, usichome moto wala kupuliza dawa ya mbu. Tafuta mrina asali au mtaalamu wa nyuki wa wilaya. Baada ya kundi kuondolewa, masega yatolewe na tundu lizibwe, la sivyo kundi lingine litafuata harufu.

Watu

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, kwa sababu bomba halina undugu na mtu.

Mtunzaji yeyote atafikiwa na ombi hili: "Nipe funguo siku mbili tu, nina wageni, na shemeji mwenyewe hana neno." Jibu ni moja kwa wote, mkubwa na mdogo: ruhusa inatoka kwa mwenye nyumba, aniandikie mimi mwenyewe, na iseme siku ya kuingia na ya kutoka. Sema kwa upole, usibishane. Shangazi akinuna, mwombe ampigie mwenye nyumba palepale ukiwa umesimama. Mgeni wa siku mbili aliyeingia bila maandishi ndiye mpangaji wa kesho asiyelipa, na wa kumtoa utakuwa wewe.

Kuna matapeli wanaoitafuta hasa nyumba iliyofungwa. Dalali wa uongo anawaonyesha watu nyumba akiwa nje ya geti, anapokea kodi ya miezi sita na kutoweka, na familia inafika na gari la mizigo. Wengine wanathubutu kuuza kabisa. Ndiyo maana unaona kuta zimeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi hayo yanasaidia, ila yanatangaza pia kwamba wenyewe hawapo. Mimi naona bora majirani wawili, mmoja kulia na mmoja ng'ambo ya barabara, wajue jina lako, sura yako na namba yako, na mjumbe wa shina pia. Wapelekee salamu sikukuu. Jirani anayekujua atakupigia simu akiona lori limesimama. Asiyekujua atadhani mmehama.

Mlinzi akiwepo, alipwe tarehe ileile kila mwezi. Mlinzi anayecheleweshewa mshahara miezi miwili anaanza kupangisha banda lake, au anaondoka bila kuaga. Asiwe na funguo za ndani: siyo kwa kumshuku, bali siku kitu kikipotea asiwe mtu wa kwanza kuhojiwa. Funguo zako nazo zisiandikwe jina la mtaa wala namba ya nyumba. Tumia alama ya rangi.

Picha za nyumba usiziweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ziende kwa mwenye nyumba tu.

Na tembea ukitazama ukuta wa nje: alama ya X nyekundu, tangazo lililobandikwa, barua iliyosukumwa chini ya geti. Notisi za barabara, kodi au mipaka zina siku za kujibu, na siku hizo hazimsubiri aliye Ulaya. Piga picha, tuma saa hiyohiyo, kisha upige simu kuhakikisha ameiona.

Taarifa kwa wenyewe

Tuma taarifa mara moja kwa mwezi, tarehe moja, kwa muundo mmoja. Piga picha ukiwa umesimama sehemu zilezile kila safari: geti, mbele, nyuma, paa, dari ya sebule, chini ya sinki, mita mbili. Mwenye nyumba akilinganisha picha ya Januari na ya Juni ataona mabadiliko ambayo wewe uliyezoea huyaoni. Kisha maandishi mafupi: kilichofanyika, kilichotumika, salio, kinachohitaji uamuzi. Swali liwe la wazi na bei yake, mfano: "Gata la nyuma limetoboka, fundi anataka kiasi hiki, nifanye au nisubiri?" Ukiandika "kuna mambo madogomadogo ya paa" utajibiwa "sawa", na hakuna kitakachofanyika.

Habari mbaya isisubiri tarehe. Mwambie siku hiyohiyo, hata kama ni jambo la aibu. Kumbukeni pia saa: Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, London wako nyuma saa mbili au tatu kulingana na msimu, New York saa saba au nane. Kubalianeni mtu mmoja aliye hapa nchini anayeweza kutoa uamuzi mwenye nyumba akiwa amelala.

Kwa dharura, bandika ndani ya mlango wa jikoni karatasi yenye namba: fundi bomba, fundi umeme, jirani, mwenyekiti wa mtaa, polisi 112, Zimamoto 114. Kama nyumba ina bima, muulize mwenye nyumba mkataba unasemaje kuhusu nyumba isiyokaliwa na mtu, kwa sababu mikataba mingi huweka masharti hapo, na ziara zako zilizoandikwa kwenye daftari zinaweza kuwa ushahidi.

Wanaporudi

Omba taarifa ya angalau wiki mbili. Wiki ya kwanza piga dawa ya wadudu, uache nyumba ipumue siku kadhaa. Toa maji yote ya zamani kwenye simtanki, sugua, jaza upya, na utiririshe kila bomba pamoja na bafu. Wiki ya pili fua mapazia na shuka, anika magodoro juani, washa friji siku moja kabla, nunua LUKU ya kutosha, badilisha balbu zilizokufa, jaribu kila kufuli na kila ufunguo. Kama kuna watoto waliozaliwa huko nje, hakikisha nyavu za mbu madirishani hazina matundu na vyandarua vipo.

Siku ya tatu au ya nne baada ya kufika, wakishapumzika, kaeni na ile orodha ya kwanza na video ya makabidhiano. Piteni chumba kwa chumba. Soma mita pamoja nao. Kabidhi daftari, risiti, salio hadi shilingi ya mwisho, na funguo zote zikiwemo za akiba, halafu wasaini kwamba wamepokea. Wakitaka kukuachia ufunguo mmoja kwa ajili ya safari ijayo, uandikwe nao kwenye karatasi hiyohiyo.